Mgeni Anayengojewa na Watoto Waliotangulia



  Mazungumzo haya yahusu nyumba: nyumba ya kawaida yenye watoto wanne au watano wadogo, na mama yake ana mimba ya mwingine. Nyumba za namna hiyo ziko Kibuli, Kisenyi, Katwe, Kawempe na Nateete, na kila aliyeketi hapa ama alizaliwa katika nyumba kama hiyo, ama anaishi humo, ama ni jirani yake. Kwa kuwa ni jambo la kila siku, watu hulidhania kuwa dogo. Lakini uhai wa mtoto na uhai wa mama yake hutegemea mambo yanayotendeka humo kila siku, na kwa hiyo yafaa yatazamwe kwa makini.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Basi na itazamwe kazi yenyewe, tangu alfajiri hata usiku.

Mama mjamzito wa nyumba hiyo huamka kabla ya adhana, kwa kuwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu ameamka akitaka ziwa. Huwasha sigiri nje ya mlango. Katika miezi ya mvua, yaani Machi hadi Mei na tena Septemba hadi Novemba, makaa hulowa, na vitambaa vya mtoto hushinda kambani visikauke. Uji ukiiva, wawili hujitayarisha kwenda shule, na mmoja wao hakioni kiatu chake; wa tatu huandaliwa kwenda chuoni kusoma Kurani; wa nne humwaga uji wake na kulilia wa mwenziwe. Wakiisha kutoka, maji hayana budi kuchotwa bombani. Dumu la lita 20 likijaa huwa na uzito wa kilo 20, na mama mwenye mimba ya miezi saba hulichukua mara tatu au nne kwa siku, tena na mtoto amemfunga kwa mbeleko. Ndipo huja kufua, kumenya matoke, kufagia, kuamua ugomvi na kumkanda mwenye homa. Usiku hulala ubavu mmoja. Mtoto mmoja amemlalia miguuni, mwingine amemshika nguo, na yule asiyezaliwa anacheza tumboni.

Baba arudipo jioni kutoka sokoni Nakivubo au kutoka karakana, huikuta nyumba imefagiwa na chakula kipo tayari. Asiyeona kazi ikifanywa hudhani imejifanya yenyewe. Ndiyo maana wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Katika nyumba hiyo wote hufikiri habari za mgeni atakayekuja. Jina lake huzungumzwa, nguo zake hutafutwa, bibi yake huulizwa atafika lini kutoka kijijini. Hiyo ni furaha ya halali. Lakini yuko mmoja asiyefikiriwa sana, naye ni yule aliye mgongoni, yule aliyekuwa mdogo wa mwisho na sasa atakoma kuwa wa mwisho. Mara nyingi hatari hupita kwake kwanza, kabla ya kumfikia mama au mtoto atakayezaliwa.

Jambo hili si geni katika Afrika. Mwaka 1933 daktari wa kike, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Accra katika nchi iitwayo leo Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wadogo walioachishwa ziwa. Mwaka 1935 akautaja kwa jina alilopewa na akina mama wa Kigã, yaani kwashiorkor, akaeleza kuwa ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pindi mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikwisha kuona kwa macho yao wakati gani mtoto hudhurika, na ndipo madaktari wakaja kuuliza ni kwa sababu gani.

Katika Buganda ugonjwa wa mtoto ambaye mama yake amepata mimba nyingine uliitwa obwosi. Watu wa pwani nao walikuwa na maneno yao. Walisema mtoto ana chirwa, au wazazi wamembemenda. Maneno hayo yote yalitokana na kuona jambo la kweli, nalo ni kwamba mtoto aliyekuwa mnene na mchangamfu hugeuka ghafula baada ya mama yake kushika mimba. Miguu na uso huvimba, nywele huwa nyepesi na kugeuka nyekundu, ngozi hubambuka, naye hunung'unika mchana kutwa na kukataa chakula. Wengine wakiona amevimba husema amenenepa, na hapo siku hupotea bure.

Lakini katika kutafuta sababu watu walikosea. Wengine walidhani mimba huyatia sumu maziwa ya mama. Wengine walidhani mtoto aliye tumboni humwonea wivu aliye nje. Wengine wakawatuhumu baba na mama kwa kuingiliana kabla ya wakati, na nyumba yenye mtoto mgonjwa ikaongezewa fedheha. Kwa hofu hiyo, mama akijua tu kuwa ana mimba, alimwachisha mtoto ziwa siku ile ile, akampa matoke na chai, basi. Yaani dawa waliyoitumia ndiyo iliyozidi kuleta ugonjwa.

Hospitali ya Mulago ilifanya kazi kubwa katika jambo hili. Daktari Hugh Trowell na wenziwe waliwachunguza watoto wa namna hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1954 yeye pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean wakatoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo. Ikabainika kwamba mtoto anayeondolewa ziwani hupoteza chakula chenye kujenga mwili, akapewa badala yake chakula cha kushibisha tumbo tu. Matoke ni chakula chema, lakini peke yake hayamtoshi mtoto anayekua. Na mtoto aliyedhoofika hushikwa upesi na kuhara, surua na homa, na kila ugonjwa humdhoofisha zaidi. Katika miaka ya 1960 Mulago ikaanzisha mahali paitwapo Mwanamugimu, maana yake mtoto mwenye afya. Hapo mama hakupewa dawa kisha akaenda zake. Alikaa na mtoto wake, akafundishwa kupika kwa vyakula vinavyopatikana sokoni na shambani, akaona kwa macho yake mtoto anarudi kuwa mzima. Chakula kile cha mchanganyiko huitwa kitobero, yaani matoke au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe au njugu, dagaa waitwao mukene, yai au maziwa likipatikana, na majani mabichi kama dodo na nakati.

Kuhusu maziwa ya mama, wataalamu husema kwamba mimba haiyageuzi kuwa sumu. Huenda yakapungua na ladha yake ikabadilika, lakini mama mwenye afya aweza kuendelea kunyonyesha, isipokuwa mkunga au daktari akiona sababu ya kumzuia. Ikiwa hapana budi kuachisha, basi iwe polepole, na chakula kizuri kitangulie.

Aidha, dini haikunyamaza. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim ya kwamba Mtume, sala na amani zimfikie, aliwahi kukusudia kuwakataza waume wasiwaingilie wake zao wanyonyeshao. Kisha akawatazama Warumi na Wafursi, akaona wao hufanya hivyo na watoto wao hawadhuriki, akaacha kukataza. Wanavyuoni wengine wameeleza kuwa maana ya neno lililotumika huwaingiza pia wanaonyonyesha hali wana mimba. Na atazame Mwislamu namna hukumu ilivyofikiwa: hofu ya watu ilipimwa kwa mambo yaliyoonekana kweli katika hali ya watoto. Basi hapana haja ya kumwaibisha mama ambaye mtoto wake ni mgonjwa. Haja ni sahani ya chakula, na safari ya kwenda hospitali mapema.

Habari ya sahani ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Katika nyumba yenye watoto wengi sinia huwa moja, na wakubwa wana mikono mipana na meno makali. Aliye na umri wa miaka miwili hula matonge matatu wenzake wamekwisha kula kumi, na mama kwa uchovu hawezi kuhesabu matonge. Ampatie mdogo huyo sahani yake peke yake, akae karibu na mtu mmoja mkubwa wa kumwangalia, na hata asipomaliza, chakula chake kihifadhiwe. Sahani moja tu ya bati yaweza kuonyesha mapema kwamba mtoto ameacha kula.

Mtoto hahitaji chakula tu. Ilikuwa desturi katika Buganda, na mahali pengine pia, kumpeleka mtoto kwa bibi yake wakati wa kumwachisha ziwa ili alisahau. Bibi ni hazina, na nyumba nyingi zimeokolewa na mabibi. Hata hivyo, mtoto anayepelekwa ghafula hunyang'anywa ziwa na mama kwa siku moja, wala hana maneno ya kuuliza kosa lake ni nini. Bibi Mary Ainsworth, mtaalamu wa elimu ya nafsi, alikuwapo Uganda katika miaka ya 1954 na 1955, akawatembelea majumbani mwao mara kwa mara mama 26 na watoto wao wachanga 28 katika vijiji vilivyo karibu na Kampala. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1967 alieleza namna mtoto mwenye mama anayemsikiliza anavyothubutu kumwacha na kutambaa huku na huku akichungua vitu, kisha humrudia, kwa sababu ana hakika atamkuta. Elimu hiyo iliyoanzia katika nyumba za Buganda imefundishwa baadaye katika vyuo vikuu vya dunia. Kwa hiyo, ikifaa bibi asaidie, ni heri bibi aje nyumbani kwa mtoto. Au mtoto aende mapema, miezi kadha kabla ya uzazi, akizoezwa kwa kwenda na kurudi.

Wivu wa watoto nao ni jambo la maumbile, wala si dalili ya tabia mbaya. Mtoto aliyezoea kukojoa nje akianza tena kukojoa kitandani baada ya mdogo wake kuzaliwa, hakusudii kuudhi. Anauliza kwa lugha aliyo nayo kama bado ana mahali pake. Al-Aqraa bin Habis alipomwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, alisema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Naye akajibiwa kwamba asiyerehemu hatarehemiwa. Vile vile Mtume alikataa kushuhudia zawadi ambayo Bashir alimpa mwanawe Nuuman bila ya kuwapa wenziwe, akaamuru uadilifu baina ya watoto. Baba mwenye watoto sita aweza kutimiza uadilifu huo bila ya fedha nyingi. Ampokee kila mmoja kwa jina lake arudipo jioni, na siku ya akika, nyama inapogawanywa, awape watoto waliotangulia sehemu yao kwanza, wajue kuwa furaha hiyo ni yao pia.

Sasa yafaa kumtaja kifungua mimba, hasa akiwa msichana. Ana miaka tisa au kumi, na ndiye mkono wa pili wa mama yake. Kusaidia nyumbani ni adabu njema, na mtoto asiyejua kazi ana hasara. Lakini mpaka upo. Mimba ya mama inapokuwa nzito, msichana huanza kuchelewa shule; akijifungua, hukosa wiki mbili; kisha mwezi; mwisho jina lake hufutwa, na hapana aliyeamua kwamba asisome. Nyumba imeamua yenyewe. Wazee wa Kiislamu wa Uganda walipata taabu kubwa kwa ajili ya elimu, kwa maana zamani shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misioni. Kwa juhudi zao ikaundwa jumuiya ya elimu ya Waislamu katika miaka ya 1940, na juu ya kilima cha Kibuli, katika ardhi iliyotolewa na Mwana wa Mfalme Badru Kakungulu, ukafunguliwa msikiti mwaka 1951 na shule zikastawi kandokando yake. Mwaka 1997 serikali ikaanza mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Milango ikiisha kufunguliwa hivyo, itakuwa masikitiko makubwa ikiwa mtoto wa Kiislamu atabaki mlangoni na mdogo wake mgongoni, akiwatazama wenziwe wakipita na mikoba.

Na mama mwenyewe? Mwenye mimba ya tano au ya sita mara nyingi huambiwa kwamba amekwisha kuzoea. Neno hilo ni la hatari. Mwili uliozaa mara nyingi, tena kwa karibu karibu, huwa na upungufu wa damu, na baada ya kujifungua kizazi huweza kulegea na damu ikatoka kwa wingi. Kwa hiyo anayehitaji kliniki si mwenye mimba ya kwanza peke yake. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mjamzito aonane na wahudumu wa afya mara 8 kabla ya kujifungua. Hupewa huko vidonge vya kuongeza damu, dawa ya kuzuia malaria na sindano ya pepopunda, na hupimwa damu na shinikizo lake. Chandarua alalie kila usiku. Na dalili zifuatazo zijulikane kwa kila mtu mzima aliyemo nyumbani: kutokwa damu, kichwa kuuma mno pamoja na macho kuona kiwi, uso na mikono kuvimba, homa kali, kifafa, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Ikionekana mojawapo, si wakati wa kungoja asubuhi wala kungoja ndugu wakutane.

Kampala haikosi mahali pa kukimbilia. Hospitali ya Mengo ipo tangu 1897, Nsambya tangu 1903, Mulago tangu 1913, na Waislamu wana hospitali yao Kibuli. Linalokosekana mara nyingi ni maandalizi. Mwezi wa saba usipite kabla baba hajajua ni gari la nani litakaloitwa usiku wa manane, nauli imewekwa wapi, nani atalala na watoto, na nguo za uzazi ziko katika mfuko gani. Mwezi wa Ramadhani, mjamzito au mnyonyeshaji anayejihofia nafsi yake au mtoto wake ana ruhusa ya kula, na taratibu ya kulipa ataelezwa na masheikh. Ruhusa hiyo ni rehema ya Mola, na haifai jirani amtazame kwa jicho baya.

Sehemu kubwa ya mazungumzo haya ni ya akina baba. Bibi Aisha, radhi za Mungu zimfikie, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kuwa alikuwa katika kazi ya kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ulipofika alitoka kwenda kusali. Basi mwanamume akibeba dumu la maji heshima yake haipungui. Akimwosha mtoto, akimkalisha na sahani yake, akiwapeleka wawili shule asubuhi, anafuata njia iliyokwisha kutengenezwa na mbora wa viumbe. Kilo 20 za maji alizochukua yeye ni kilo 20 zilizoondolewa katika mgongo wa mjamzito.

Liko pia swali la nafasi baina ya mtoto na mtoto. Hapa watu hukasirikiana upesi, na haifai. Riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na Kurani imekataza kuua watoto kwa kuogopa umaskini. Mwenye watoto wengi asidharauliwe wala asichekwe. Lakini Kurani hiyo hiyo, katika Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kuitimiza, ikamlazimisha baba chakula na mavazi ya mama, na ikataka hata kuachisha ziwa kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Shirika la Afya Duniani nalo hushauri ipite miezi 24 tangu uzazi hadi mimba nyingine. Masahaba walikuwa wakifanya azili zama za Mtume, kama alivyopokea Jabir, na wanavyuoni wamezungumza mengi juu ya hukumu yake na mipaka yake. Katika Uganda, hesabu za afya zilionyesha mwaka 2006 kuwa mwanamke alikadiriwa kuzaa watoto 6.7 katika maisha yake. Mwaka 2016 ikawa 5.4, na mwaka 2022 ikawa 5.2. Watu wanabadilika wenyewe, kwa sababu zao. Linalotakiwa kwa mume na mke Waislamu ni kushauriana kama walivyoagizwa, wakimwuliza sheikh lililo la dini na mkunga lililo la mwili, na wala mmoja asimfiche mwenziwe wala asimlazimishe.

Mwisho, majirani na chama. Mtoto akizaliwa, watu huja wengi siku ya saba kula pilau, kisha husahau nyumba ile mpaka uzazi mwingine. Ingefaa akina mama wa kila mtaa wagawane zamu katika zile siku arobaini: mmoja alete chakula Jumatatu, mwingine afue Jumanne, wa tatu awachukue watoto wakubwa mchana ili mzazi alale. Chama nacho kingeweza kuwa na mfuko mdogo wa nauli ya hospitali, usiohitaji barua wala mkutano, unaotunzwa na mtu mmoja mwaminifu katika kila mtaa. Na kila anayekwenda kumpongeza mzazi, kabla ya kumpakata mchanga, amtafute kwanza yule wa miaka miwili aliyesimama nyuma ya pazia, amsalimu kwa jina lake, amtazame miguu yake na nywele zake, aulize amekula nini leo. Akiona dalili mbaya, amwambie mama kwa upole na kwa siri, na kesho yake amsindikize hospitali.

Mwenyezi Mungu awape akina mama wajifunguao salama, awape akina baba moyo wa huruma na mikono ya kusaidia, na awajaalie watoto wote, wakubwa kwa wadogo, wawe burudisho la macho ya wazazi wao. Amin.